Yaya, dada au jina tupu? Kumwandika msanii wa dragi bila kumharibia

BARUA

Jambo sana, bayaya,

Ninaandikia jarida dogo la utamaduni hapa Lubumbashi. Linatoka kwa lugha mbili: Kiswahili ukurasa wa kushoto, Kifaransa wa kulia. Toleo lijalo lina makala yangu juu ya msanii wa hapa kwetu anayecheza dragi, ile sanaa ya jukwaani ya kucheza jinsia kwa mavazi, vipodozi na sauti. Nitamwita Malakita, ingawa jina lake la jukwaani ni jingine. Alipanda jukwaani nusu saa, amefunga bikwembe viwili vya rangi ya shaba, kimoja kiunoni, kimoja kichwani. Aligombana na muuza makala (yale ya kupikia), akahubiri kwa sauti nzito kama mchungaji, na kwenye wimbo wa mwisho akavua kilemba. Ukumbi ulinyamaza.

Nimekwama mahali pane. Mhariri anataka jina la kwenye kadi ya mpiga kura litangulie, la jukwaani lifuate ndani ya mabano, eti gazeti si baa. Kwenye ukurasa wa Kifaransa nilianza na «il» (ya kiume), katikati nikaingia «elle» (ya kike), mwisho nikarudi «il» bila kujijua. Mwenzangu wa ofisini anasema Kiswahili hakina shida, «yeye» ni «yeye». Lakini nilipomwonyesha Malakita rasimu alicheka kwenye aya ya kwanza, na kwenye ya tatu akanyamaza. Ya tatu inasema: «Kijana huyu, ambaye jina lake halisi ni…, ni mwanaume anayejifanya mwanamke, na ameoa.» Sioni kosa, maana kila neno ni la kweli. Mwisho, katika utangulizi nataka kuwataja nyota wa dragi RuPaul wa Marekani, Conchita Wurst wa Austria na Tannie Evita wa Afrika Kusini, na sijui nimwandike nani vipi.

Tunapeleka kwa mchapaji Alhamisi.

Mwandishi wa Kamalondo

JIBU

Mdogo wetu wa Kamalondo,

Kabla ya yote: pale penye nukta tatu wewe ulikuwa umetuandikia jina la kuzaliwa la Malakita, kamili, na la baba yake juu. Tumelifuta kabla barua haijafika kwa anayepanga kurasa. Usilitume tena, si kwetu wala kwa mtu yeyote asiyelihitaji kwa kazi.

Mwenzako wa ofisini ana haki nusu. Kweli Kiswahili hakitenganishi mwanaume na mwanamke kwenye kiwakilishi. Aliimba, wakamshangilia, yeye akainama: hapo msomaji hajui kitu, na sarufi haimdai ajue. Lakini jinsia ukiifungia mlango inapita dirishani, na nyumba ya Kiswahili ina madirisha mengi. Undugu ni dirisha: dada, kaka, mama, shangazi, mjomba, binti. Ndoa ni dirisha kubwa zaidi, kwa kuwa mwanaume anaoa na mwanamke anaolewa, na kitenzi peke yake kimeshasema yote. Kuna vyeo, Bwana na Bi. Kuna hata maneno ambayo kwenye kamusi ni ya wote lakini kwenye macho ya msomaji yana upande: ukiandika «kijana» anaona mvulana, ukiandika «mrembo» anaona msichana.

Sisi watu wa Lubumbashi tuna bahati ya neno yaya. Ni mkubwa wako, awe wa kike au wa kiume, na ukiandika «Yaya Malakita» umempa heshima bila kumpa jinsia. Ila jarida lenu likifika Dar es Salaam au Nairobi, kule yaya ni mfanyakazi wa nyumbani anayelea watoto, na msomaji atajiuliza mlezi wa watoto amepandaje jukwaani na kilemba cha shaba. Vivyo hivyo bibi: kwetu ni mke, kwao ni nyanya au mwanamke wa heshima. Kama jarida linavuka mpaka, tumia jina tupu, au «msanii», «mwimbaji», «mchekeshaji», «mwenzake», «mzazi», «ndugu». Wewe mwenyewe tumekuita mdogo wetu. Barua yako haikusema u mwanamke au mwanaume, na tumekujibu vizuri tu bila kujua.

Sasa aya ya tatu. Unasema kila neno ni la kweli. Tuyashike moja moja.

«Kijana huyu» tumekwisha kuliona.

«Jina lake halisi» linafanya la jukwaani liwe bandia, kama noti ya kughushi. Malakita amelichagua jina lile, watu wamelipa tiketi kwa jina lile, na ndilo wanalolipigia makofi. La kwenye hati liite «jina la kuzaliwa», na hilo ni pale tu mwenyewe amekubali liandikwe. Epuka pia «anayejiita», kwa kuwa kwa Kiswahili anayejiita daktari si daktari. «Alias» nalo lina harufu ya polisi. Kwetu wanamuziki wanalibeba bila aibu, lakini na majambazi wanalibeba, na msomaji hajui unamweka kundi gani. «Anayejulikana kwa jina la» linatosha, na mara nyingi hata hilo si lazima. Andika Malakita, basi.

«Anayejifanya» ndilo baya kuliko yote. Mtu anajifanya mgonjwa ili asiende kazini. Anajifanya askari ili apite kizuizini. Kujifanya ni hila, na hila inataka mtu anayedanganywa. Pale ukumbini nani alidanganywa? Walikuja kuona hasa kile. Sema anaigiza, anamcheza mama fulani, anapanda jukwaani na mavazi ya kike. Hata hivyo usikimbilie kuandika kwamba wasanii wote wa dragi «wanaigiza mwanamke», maana wamo wanawake wa trans (wanawake walioandikwa wavulana walipozaliwa) wanaofanya kazi hiyohiyo, na wao uanamke wao hawauvui pamoja na wigi. Njia salama kabisa ni kueleza kinachoonekana: nguo, sauti, mwendo, wimbo.

«Ameoa» limefanya kazi mbili kwa pigo moja. Limetangaza jinsia, na limemwonyesha jirani kwamba kuna mke nyumbani. Msomaji anahitaji habari hiyo ili aelewe onyesho? Sisi hatuoni. Ingekuwa ya lazima, kwa mfano onyesho lenyewe linasimulia ndoa yake, «ana familia» au «wamefunga ndoa» yangekutosha.

Wewe umeuliza kosa liko wapi ilhali maneno ni ya kweli. Kosa ni kwamba sentensi hiyo haisemi lolote juu ya nusu saa uliyoiona. Barua yako kwetu imeandikwa vizuri kuliko makala! Chukua ya barua:

«Malakita anaingia amefunga bikwembe viwili vya rangi ya shaba, kimoja kiunoni, kimoja kichwani. Anagombana na muuza makala, anahubiri kwa sauti ya mchungaji, na ukumbi unacheka. Kwenye wimbo wa mwisho anavua kilemba. Hakuna anayecheka tena.»

Hakuna dada humo, hakuna kaka, hakuna mwanaume wala mwanamke, na hakuna kilichopungua.

Juu ya mhariri wako. Mwambie hivi kwa upole, maana ni mkubwa: siku Papa Wemba alipofariki, 2016, magazeti yalimlilia Papa Wemba. Jina la Shungu Wembadio lilikuja chini, kwenye maelezo ya maisha yake, kwa kuwa alikuwa amelibeba hadharani miaka yote. Franco ni Franco kabla ya kuwa Luambo Makiadi. Na hapahapa mjini, nani alienda kucheka na kundi la Mufwankolo akauliza kwanza kadi yake inasema nini? Jarida lenu halijawahi kumdai mwanamuziki kadi ya mpiga kura. Kumdai msanii wa dragi peke yake ni kuweka sheria kwa mtu mmoja. Angalia pia kwamba «Papa» ya Papa Wemba ni sehemu ya jina na hakuna anayeigusa. Msanii wenu akijiita Mama fulani jukwaani, «Mama» hiyo nayo inabaki, hata kwenye aya inayomweleza akiwa na suruali.

Jina la kwenye kadi lina mahali pake: mkataba, stakabadhi ya malipo, tiketi ya ndege, fomu ya visa. Halina kazi kwenye bango, kwenye orodha ya mlangoni, wala chini ya picha. Hapa si suala la adabu tu. Mwanamuziki jina lake la kuzaliwa likijulikana, hakipotei kitu. Msanii wa dragi katika mji wetu anaweza kupoteza chumba alichopanga, kazi ya mchana, au amani na familia. Na si jina peke yake linaloleta mtu mlangoni. Sura bila vipodozi, mtaa anakoishi na parokia anakosali, ukiyaweka matatu hayo kwenye ukurasa mmoja umemtaja bila kumtaja. Kila moja liulize kivyake, na kama hujaliuliza lifute.

Kuuliza kwenyewe kuna namna. Usimwulize «wewe ni mwanaume au mwanamke?» Wewe hutaki kujua alivyo, unataka kujua maneno gani yachapishwe. Usimwulize mbele ya watu wala kwenye kundi la WhatsApp. Mwandikie peke yake, kitu kama hiki:

«Yaya, ninamalizia makala. Nisaidie haya matano, jibu hata kwa neno moja. Jina la jukwaani linaandikwaje, herufi kwa herufi, na likifupishwa libaki lipi? Kwa Kifaransa tuandike il au elle ukiwa jukwaani, na ukiwa nje ya jukwaa? Kwa Kiswahili upendavyo ni yaya, mama, kaka, dada au jina tupu? Jina la kuzaliwa: lisiandikwe kabisa, au unaruhusu? Picha: ile ya vipodozi tu, au hata ya kabla, na chini yake jina lipi?»

Akijibu, mrudishie majibu yake kwa sentensi mbili uone kama mmeelewana, maana «ndiyo» ya haraka ya WhatsApp huwa inajibu swali la mwisho tu. Weka tarehe. Majibu hayo ni ya makala haya. Mwakani ukiandika tena, uliza tena. Na kama kuna jina la kuzaliwa ndani ya mazungumzo, usiyaache kwenye simu ya ofisi inayoshikwa na watu watano.

Swali la kufupisha jina wengi wanalisahau, na linaleta vituko. Kuna msanii wa Marekani anaitwa Bob the Drag Queen, mshindi wa shindano la dragi la televisheni la RuPaul la 2016. Gazeti lenye mazoea ya kurudia neno la mwisho la jina lingemwita «Queen». Anaitwa Bob. Majina ya dragi mengi ni mchezo wa maneno, hivyo usiyatafsiri; yaache yalivyo, na kama mchezo una utamu ueleze kwa sentensi moja. Conchita Wurst ni mfano: Wurst kwa Kijerumani ni soseji, na kwenye msemo wa mitaani ni sawa na kusema «hainihusu, yote sawa kwangu». Hilo linastahili kuelezwa. Bi Soseji halistahili.

Ukurasa wa kulia sasa, na hapa ndipo kazi ngumu ilipo, maana Kifaransa hakikuachii nafasi ya kunyamaza. Mpangilio unaoukuta mara nyingi ni «elle» jukwaani na «il» nje, na unaandikika vizuri, kwa sharti moja: badilisha pale tu mahali panapobadilika, kwenye aya mpya, na jina libadilike pamoja na kiwakilishi kama msanii amekuruhusu majina mawili. Wewe ulibadilisha katikati ya aya, mtu yuleyule, jukwaa lilelile. Msomaji hakuona heshima, aliona kosa la uchapaji. Malakita akisema «elle» mwanzo hadi mwisho, iwe hivyo mwanzo hadi mwisho.

Kubadilisha kiwakilishi hakutoshi. Kifaransa kinaficha jinsia kwenye mikia ya maneno, na hapo ndipo wahariri wanapoteleza. Pita na kalamu nyekundu, angalia vitenzi vinavyokwenda na «être»: elle est montée, elle est revenue. Angalia sifa zote. Angalia majina ya kazi: chanteur, chanteuse. Kisha lile la kuvizia, «le public l'a applaudie»: ile «l'» haisemi kitu, lakini «e» ya mwisho inasema, kwa kuwa mtendwa ametangulia kitenzi. Ukiacha «applaudi» baada ya aya nzima ya «elle», umeandika watu wawili.

Yapo yasiyokudai kitu, na ni vizuri uyajue kwa siku ambayo hujapata jibu. «Son» na «sa» zinafuata kitu kinachomilikiwa, hazimfuati mwenye nacho, kwa hiyo «sa voix» ni ya yeyote. «Lui» ya kupewa, kama «on lui lance des fleurs», ni ya wote. Lakini «avec lui» imeshachagua upande. «L'artiste» haina upande ikiwa na ile herufi iliyokatwa, ila sifa utakayoibandika mbele yake itautafuta. Na unaweza kuandika «Malakita est drag queen» bila «une» wala «un», kama unavyoandika est médecin. Kuna pia «iel», kiwakilishi kisicho cha kike wala cha kiume, ambayo nyumba ya kamusi ya Le Robert iliiingiza kwenye kamusi yake ya mtandaoni 2021, na Ufaransa nzima ikagombana. Itumie msanii akiitaka, usimchagulie.

Chunga programu za kutafsiri. Ukiipa «Aliimba, akashuka» mara nyingi itakutolea «il», kwa kuwa inabahatisha, na haitakuambia kwamba imebahatisha. Safari ya kurudi nayo ina shimo lake: Kiingereza kina wasanii wanaoandikwa «they» ilhali ni mtu mmoja, na programu inaleta «wanaimba», msomaji anatafuta wengine wako wapi. Kwa Kiswahili mtu huyo ni «anaimba» tu.

Kwenye utangulizi wako, watu watatu uliowachagua ni wazuri kwa sababu hawafanani.

RuPaul anakuondolea mzigo. RuPaul ni jina lake la kuzaliwa, RuPaul Andre Charles, kwa hiyo hakuna «jina halisi» la kufukua. Herufi ya P ni kubwa na jina ni neno moja. Amesema tangu miaka ya 1990 kwamba akiitwa kwa kike au kwa kiume, yote kwake sawa. Kwa Kiswahili andika: RuPaul, mtangazaji wa shindano la dragi la televisheni ya Marekani lililoanza 2009. Kwa Kifaransa chagua moja, ukae nayo.

Conchita Wurst, aliyeishindia Austria shindano la Eurovision mjini Copenhagen 2014, gauni la dhahabu na ndevu zake, ni mhusika mwenye mwenyewe nyuma yake. Mwenyewe ni Tom Neuwirth, na jina hilo amelitoa hadharani, ndiyo maana nasi tunaliandika hapa bila wasiwasi. Alieleza wazi: Conchita ni wa kike, Tom ni wa kiume. Kwa hiyo kwa Kifaransa Conchita «a été couronnée», na Tom «est né» mwaka 1988. Ukiandika habari ya 2014, aliyeshinda ni Conchita.

Hilo la miaka mtu wa hapa analielewa upesi. Habari ya 1960 unaandika Élisabethville, ya 1966 kuja huku Lubumbashi. Na wazazi wetu walioamriwa 1972 kuacha majina ya ubatizo wanajua jina la mtu kubadilika kwenye karatasi zote wakati mtu ni yuleyule. Lakini mfano huu usiupeleke mbali. Mji hauumii ukiuandikia jina la zamani kwenye mabano. Mtu wa trans aliyeacha jina lake la zamani anaumia, na hata habari za kabla hajaliacha unamwandika kwa jina la sasa.

Tannie Evita ni daraja jingine kabisa. Evita Bezuidenhout ni mhusika wa kubuni, kazi ya Pieter-Dirk Uys, aliyemtumia kuwacheka watawala wa ubaguzi wa rangi mbele ya macho yao. «Tannie» ni shangazi kwa Kiafrikana na imekuwa sehemu ya jina; iache. Huyo Evita katika hadithi yake ana mume, Hasie, kwa hiyo hapa «ameolewa» ni sahihi kabisa, mradi anayeolewa katika sentensi ni Evita. Uys anamcheza hata dada wa Evita, Bambi Kellermann. Sentensi ya namna hii inakaa sawa: «Uys alimvalisha Evita kofia na hereni, Evita akawatukana mawaziri kwa tabasamu.» Mmoja anaandika, mwingine anatukana. Ukichanganya, umempa mwandishi maneno ya mhusika, na kwa mchekeshaji wa siasa hilo linaweza kuwa kesi.

Malakita yuko wapi kati ya hao watatu? Hatujui, na wewe hujui mpaka akujibu. Usijaribu kumsoma kwa mwili wala kwa nguo. Katika shindano hilohilo la RuPaul alipita Peppermint, mwanamke wa trans, 2017. Gottmik, mwanaume wa trans anayepanda jukwaani kwa sura ya kike, 2021. Na 2022 Maddy Morphosis, mwanaume anayependa wanawake. Wote wana wigi, wote wana vipodozi. Kwa hiyo dragi haikuambii mtu anampenda nani, na neno «shoga» lisiingie kwenye makala haya hata kwa kuteleza: kwetu linatukana, na Mombasa au Unguja wanawake marafiki wanaitana hivyo kwa upendo, hivyo halitaeleweka sawa popote. Kinyume chake pia ni kweli: nguo peke yake si dragi. Mwanamke wa Kinshasa anayetembea na suti na kiko kwa ajili ya Sape, ule utamaduni wa kuvaa kimaridadi, ni msape, si mfalme wa dragi, labda akuambie mwenyewe.

Neno lenyewe sisi tunaliandika dragi, na tunasema msanii wa dragi. «Malkia wa dragi» na «mfalme wa dragi» tunawaachia wanaojiita hivyo. Mara ya kwanza lieleze kwa maneno machache: sanaa ya jukwaani ya kucheza jinsia kwa mavazi, vipodozi na sauti. Ukikutana na «mama wa dragi» katika habari za ng'ambo, ujue ni cheo, yule aliyemfundisha mdogo wake kazi na mara nyingi kumpa hata jina la ukoo. Hakumzaa. Andika «mama mlezi».

Kabla ya kupeleka kwa mchapaji, fungua vitu ambavyo macho hayafiki. Jina la faili la picha: ukiwa umeihifadhi kwa jina la kuzaliwa, litakwenda nayo hadi mtandaoni. Maelezo yaliyofichwa ndani ya picha yanaweza kubeba mahali ilipopigwa. Yafute, au piga picha ya skrini utumie hiyo. Anwani ya ukurasa kwenye tovuti mara nyingi inatengenezwa na kichwa cha kwanza ulichoandika, na ukibadilisha kichwa yenyewe inabaki vilevile. Kichwa nacho: mhariri akikupendekezea «Mwanaume avaa gauni Lubumbashi», mpe hicho cha kwako mapema, maana nafasi tupu ndiyo inayoalika vichwa vya namna hiyo.

Kosa likipita likachapishwa, rekebisha kimya na haraka kwenye maandishi, kisha mstari mmoja chini: «Makala haya yamerekebishwa jina na viwakilishi.» Usiandike «hapo awali tulimwita fulani». Masahihisho ya namna hiyo yanachapisha kosa mara ya pili, na safari hii kwa herufi nene. Kwenye Facebook na WhatsApp ile picha ndogo yenye kichwa cha zamani inabaki hata baada ya kurekebisha. Futa chapisho, weka jipya.

Alhamisi ikifika na Malakita hajajibu, usiahirishe na usibahatishe. Kwa Kiswahili: jina la jukwaani, «msanii», hakuna undugu wala ndoa. Kwa Kifaransa: jina lilelile likirudiwa, «l'artiste», «sa voix», «on lui lance», na vitenzi vya «être» vikae pembeni, badala ya est monté au montée andika «Malakita entre en scène», wakati uliopo unakuokoa na mikia yote hiyo. Picha ya kilemba, si ya kabla ya vipodozi. Aya ya tatu itoke yote.